Kimera alikuwa mjukuu wa Chwa Nabakka au pacha wa Rukidi? Mvutano wa Waganda na Wanyoro juu ya mfalme mmoja

Msomaji wa Maziwa Makuu ameuliza:

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Nimekuwa nikisoma masimulizi ya falme za kale za eneo la Maziwa Makuu, na nimekwama kwa mtu mmoja anayeitwa Kimera. Kwa Waganda, Kimera ni Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, wa tatu. Alianza Kintu, akafuata mwanawe Chwa Nabakka, kisha Kalemera mwana wa Chwa akaenda Bunyoro, akazaa mtoto kwa siri na Wannyana, mke wa mfalme wa huko, naye mtoto huyo ndiye Kimera aliyeitwa baadaye kuja kukalia kiti cha babu yake. Kwa Wanyoro, Kimera hakuwa na babu yeyote Buganda. Jina lake ni Kato Kimera, pacha mdogo wa Rukidi Isingoma Mpuga, mfalme wa kwanza wa ukoo wa Wabito, na Buganda, ambayo wao waliiita Muhwahwa, ilikuwa jimbo tu la Kitara, ufalme wa kale ambao Bunyoro inajihesabu mrithi wake, alilokabidhiwa na ndugu yake.

Natambua kwamba hili si jambo dogo. Simulizi la kwanza likishika, Buganda ni ufalme uliosimama wenyewe tangu mwanzo. Likishika la pili, ni tawi lililokatika kutoka kwenye mti wa Bunyoro. Ningependa kujua kama kuna ushahidi wowote nje ya masimulizi yenyewe unaoweza kutusaidia kuamua, na kwa nini suala la mtu aliyeishi karne nyingi zilizopita, ikiwa kweli aliishi, linaendelea kuwachoma watu hadi leo. Nauliza pia kwa sababu ninaandaa maelezo ya kufundishia vijana wa sekondari, na sitaki kuwapa upande mmoja nikidhani nimewapa historia.

Mwana wa Busiro amejibu:

Ndugu muuliza swali, umelieleza vizuri, lakini naomba nisahihishe mizani kidogo. Hakuna Mganda anayekana kwamba Kimera alizaliwa na kulelewa Bunyoro. Masimulizi yetu yenyewe ndiyo yanayosema hivyo, tena kwa kirefu: yanamtaja mama yake, yanasema alitupwa kwenye shimo la udongo wa kufinyangia, na yanamtaja mfinyanzi Mulegeya aliyemwokoa na kumlea. Kama lengo la wazee lingekuwa kuficha uhusiano wa Buganda na Bunyoro, wangeanza kwa kulifuta simulizi hilo. Hawakulifuta, na jambo hilo lina uzito kwangu.

Vilevile tunakumbuka vipigo vyetu waziwazi. Kabaka Nakibinge, wa nane katika orodha, aliuawa vitani na Wanyoro, na kila mtoto aliyelelewa kwa masimulizi ya Buganda anajua jinsi mkewe Nanono alivyowaongoza wanawake kuchonga matete yawe silaha pale mikuki ilipokwisha. Watu wanaosimulia mfalme wao alivyouawa na jirani hawana sababu ya kuogopa kusema kwamba mfalme mwingine alitoka kwa jirani huyohuyo, kama ndivyo ilivyokuwa.

Jambo jingine ni koo. Kumbukumbu za Buganda hazikutunzwa na ikulu peke yake. Kila ukoo una mkuu wake, una ardhi ya mababu wanakozikwa wazee wake, na una simulizi lake la namna ulivyokutana na Kintu au ulivyokuja na Kimera. Simulizi hizo zinatofautiana kwa mengi, na baadhi ya koo zinakiri kwamba ziliingia na Kimera kutoka magharibi, lakini zinakubaliana kwamba Kimera alikuta nchi yenye watu, yenye koo, na yenye wakuu wawili, Walusimbi na Ssebwana, waliokuwa wameishikilia wakati kiti kikiwa wazi. Mtu aliyekabidhiwa jimbo na ndugu yake asingehitaji kuitwa.

Mwenyeji wa Buyaga amejibu:

Nimemsoma Mwana wa Busiro kwa heshima, na nakubali kwamba Waganda hawakumficha mama wa Kimera. Swali langu kwake ni kuhusu baba. Simulizi la mtoto wa mfalme aliyezaliwa kwa siri ugenini, akatupwa, akaokolewa na mtu wa kawaida, kisha akarudi kutawala, linasimuliwa katika nchi nyingi pale ukoo mpya unapochukua kiti na kuhitaji kuunganishwa na ukoo wa zamani. Kalemera, ambaye kwa mujibu wa simulizi hilohilo alifia njiani kabla ya kufika nyumbani, ndiye kiungo pekee kati ya Kintu na Kimera. Ukimwondoa, kinachobaki ni mwana wa mfalme kutoka Bunyoro aliyekuja kutawala Buganda, na hicho ndicho tunachosema sisi.

Kuhusu koo, tukumbuke kwamba Buganda haina ukoo wa kifalme. Mtoto wa Kabaka huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, wakati kwetu Wabito ni ukoo wa baba kwa mwana, na mwiko wao ni pongo. Nchi ambayo mfalme wake hubeba ukoo wa mama yake inaweza kupata ukoo mpya wa watawala bila alama yoyote kuonekana katika orodha ya koo. Kwa hiyo ukimya wa koo za Buganda juu ya Wabito hauthibitishi kwamba hawakufika.

Sasa nijibu kwa nini linatuchoma. Mwishoni mwa 1893 Kanali Colvile wa Uingereza aliingia Bunyoro akiwa na jeshi kubwa, na sehemu kubwa ya jeshi hilo walikuwa Waganda. Mfalme wetu Kabaleega alipigana miaka kadhaa, nchi ikaachwa na njaa na maradhi, na eneo lote la kusini mwa mto Kafu likapewa Buganda. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda uliweka muhuri. Ndizo zinazoitwa kaunti zilizopotea: Buyaga, Bugangaizi, Buwekula, Buruli na nyingine. Makaburi ya wafalme wetu wengi yalibaki humo, chini ya machifu wa Kiganda, na Wanyoro wa huko walilazimika kutumia Luganda kanisani na ofisini. Hata katika sehemu iliyobaki Bunyoro waliletwa machifu wa Kiganda, ndipo mwaka 1907 watu wakawakataa katika harakati tunayoiita Nyangire.

Mwaka 1901, mwaka mmoja tu baada ya mkataba, kikatoka kitabu cha wafalme wa Buganda. Aliyekiandika ni Apolo Kagwa, Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, mtu yuleyule aliyeweka saini mkataba huo akiwa mmoja wa walezi watatu wa Kabaka Daudi Chwa aliyekuwa mtoto mdogo. Simdharau Kagwa, kwani bila yeye mengi yangepotea. Lakini mtu aliyepokea ardhi yetu ndiye aliyeandika ukoo wa Kimera, na maandishi yake yakawa ndiyo yanayonukuliwa na kila mgeni. Mnataka tusiungue?

Mtunza Kumbukumbu amejibu:

Ndugu zangu, majibu mawili yaliyotangulia yana uzito, na nitajaribu kujibu sehemu ya kwanza ya swali, yaani ushahidi ulio nje ya masimulizi.

Upo, lakini haujibu tunachouliza. Kusini mwa Bunyoro ya sasa, karibu na mto Katonga, kuna Bigo bya Mugenyi, mahali palipozungukwa na mahandaki yanayozidi kilomita 10 kwa urefu, mengine yakiwa yamechimbwa hadi kwenye mwamba. Si mbali kutoka hapo kuna Ntusi, makazi makubwa ya wafugaji na wakulima yaliyoanza takriban karne ya 11. Kwenye ardhi ya Bunyoro kuna Munsa, nayo ina mahandaki yake. Wachimbuaji wamepata mifupa ya ng'ombe kwa wingi, vyungu vilivyopambwa kwa kuviringishwa kamba, mabaki ya kuhunzi chuma. Tarehe za Bigo zinaangukia takriban karne ya 14 hadi ya 16. Kwa hiyo kulikuwa na watu walioweza kukusanya nguvu kazi kubwa katika nyika hizo kabla ya Buganda kuwa dola yenye nguvu. Lakini udongo haukutuachia jina hata moja. Kuwaita wajenzi wa Bigo Wachwezi, yaani watawala wa masimulizi waliowatangulia Wabito, ni uamuzi wetu, na kuwaita Wanyoro ni uamuzi mwingine juu ya huo.

Wachwezi wenyewe ni mtihani. Bunyoro inawataja watatu kama wafalme: Ndahura, Mulindwa na Wamara. Lakini majina hayohayo, na mengine yanayoshabihiana nayo, ni majina ya mizimu inayoombwa kuanzia Bunyoro hadi Nkore (Ankole), Buhaya na kwingineko, na Rwanda ina Ryangombe wake katika ibada ya jamii hiyohiyo. Buganda nayo ina Wamala miongoni mwa mizimu yake, na ziwa lenye jina lake liko ndani ya Buganda. Wapo wanahistoria waliosema walikuwa wafalme waliogeuzwa mizimu baada ya kufa, na wapo waliosema walikuwa mizimu tangu mwanzo, wakageuzwa wafalme na watu waliohitaji orodha. Mimi naona hoja ya pili ina nguvu kuliko inavyopewa nafasi, kwa sababu ibada imeenea mbali kuliko ufalme wowote tunaoweza kuuthibitisha.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na Mwenyeji wa Buyaga. Ni kweli Kagwa alikuwa na maslahi. Lakini orodha ya wafalme wa Bunyoro inayotumiwa zaidi ilichapishwa kati ya mwaka 1935 na 1937 katika jarida la kitaaluma la Uganda, na aliyejificha nyuma ya herufi K.W. alikuwa Omukama, yaani mfalme wa Bunyoro, Tito Winyi mwenyewe, mwana wa Kabaleega. Wakati huo madai ya kaunti zilizopotea yalikuwa hai, kamati ya Wanyoro wa Mubende ilikuwa imeshaundwa tangu mwaka 1921, na hadhi ya mfalme mbele ya serikali ya kikoloni ilipimwa kwa urefu wa ukoo wake. Orodha ya Winyi inapanga Watembuzi (watawala wa mwanzo kabisa wa masimulizi), Wachwezi na Wabito kwa mfululizo unaoufanya ufalme wa Bunyoro uwe mkongwe kuliko Buganda, na pacha Kato Kimera anakaa mahali panapofaa kabisa kwa dai hilo. Orodha zilizoandikwa na wageni na wenyeji kabla ya hapo hazilingani, si kwa idadi ya wafalme wala kwa mpangilio wao. Hali ni hiyohiyo Buganda: majina ya wafalme ambayo msafiri Speke aliandika miaka ya 1860 ni machache sana kuliko yale aliyoandika msafiri mwingine, Stanley, mwaka 1875, ingawa kati yao haikupita hata miaka 15.

Kipo kipimo kingine kimoja kinachotajwa mara nyingi, nacho ni kupatwa kwa jua. Masimulizi ya Nkore na Bunyoro yanasema mfalme Olimi wa Bunyoro alipovamia Nkore, jua lilitiwa giza mahali paitwapo Biharwe naye akarudi nyuma kwa hofu. Wataalamu wengi wamelipanga tukio hilo mwaka 1520. Kwa kuwa Olimi huyo ndiye anayehesabiwa kuwa alipigana na Nakibinge, falme tatu zinafungwa kwenye tarehe moja. Ni hoja nzuri, ila inasimama juu ya dhana kwamba Olimi wa kila simulizi ni mtu yuleyule, na kwamba giza lile lilikuwa hilo na si jingine.

Kwa hiyo nisemalo ni hili: kuhusu Nakibinge na baada yake, tunaweza kuzungumza juu ya dola mbili zilizopigana, Bunyoro ikiwa na nguvu zaidi mwanzoni, na Buganda ikipanuka polepole hadi Kabaka Junju akachukua jimbo la Buddu katika karne ya 18. Kuhusu Kimera, tuna masimulizi mawili ya uhusiano wa kindugu, na uhusiano huo yote mawili yanaukubali. Yanachogombania ni nani mkubwa.

Mhaya wa Ihangiro amejibu:

Naomba niongeze upande ambao husahaulika ubishi huu unapoanza. Huku kwetu kusini mwa mto Kagera tunaye Ruhinda. Karagwe inamhesabu kuwa mwanzilishi wa ukoo wa Wahinda, na inasimuliwa kwamba alimwondoa Nono aliyekuwa akitawala kabla yake. Nkore nayo inamhesabu kuwa mfalme wake wa kwanza, mwana wa Wamara. Ihangiro, Kyamutwara na falme nyingine za Buhaya nazo zilitawaliwa na Wahinda, wakati Kiziba, iliyo jirani kabisa, ilikuwa na Wabito wanaomtaja Kibi aliyetoka Bunyoro.

Ruhinda hawezi kuwa ametawala kote huko kwa maisha ya mtu mmoja. Hata hivyo sijawahi kuona Mnyankole na Mhaya wakigombana kwa uchungu juu ya nani mwenye Ruhinda wa kweli. Nadhani sababu iko wazi. Tanganyika iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963, hakuna kiti kinachorithiwa Karagwe, na hakuna kipande cha ardhi kati ya Nkore na Karagwe ambacho hatima yake inategemea jibu. Mpaka wa Uganda na Tanzania ulichorwa na Waingereza na Wajerumani bila kumuuliza Mhinda yeyote. Ruhinda amebaki kuwa babu wa wote. Kimera angeweza kuwa hivyohivyo kama isingekuwa kuchukuliwa kwa ardhi ya Bunyoro mwaka 1894.

Mwana wa Busiro amejibu tena:

Namshukuru Mtunza Kumbukumbu, na nakubaliana na sehemu kubwa ya maelezo yake, ila siridhiki tukiacha ionekane kwamba Waganda wa leo wanashikilia simulizi la Kintu kwa ajili ya ardhi. Buyaga na Bugangaizi zilirudi Bunyoro. Kura ya maoni ilipigwa tarehe 4 Novemba 1964, wakazi wa kaunti zote mbili wakachagua Bunyoro, na uhamisho ukatekelezwa mwaka 1965. Ndiyo, Kabaka Muteesa II, aliyekuwa pia Rais wa Uganda, alikataa kutia saini, na kabla ya hapo alijaribu kuwahamishia Ndaiga, ndani ya Buyaga, askari wastaafu wa Kiganda. Hayo yalikuwa makosa ya kisiasa, na Buganda iliyalipia, kwa kuwa uhasama wake na Waziri Mkuu Obote uliishia kwenye shambulio la ikulu ya Mengo mwaka 1966 na kufutwa kwa falme zote mwaka 1967. Lakini tangu falme ziliporejeshwa mwaka 1993 hakuna anayedai Buyaga kwa jina la Kintu. Tunamshikilia Kintu kwa sababu ndiye tunayejitambulisha kwake sote, pamoja na wale ambao mababu zao walikuja baadaye.

Mwenyeji wa Buyaga amejibu tena:

Ndugu yangu, kaunti mbili zilirudi, nyingine hazikupigiwa kura. Mwaka 2009 serikali ilipomzuia Kabaka kwenda Kayunga, katika Bugerere, ghasia zikazuka na watu wakapoteza maisha, kiini cha yote kilikuwa Wabanyala wa Bugerere waliosema wao si Waganda. Walimtaja nani kuwa asili yao? Namuyonjo, mwana wa mfalme kutoka Bunyoro. Wapo pia Waruuli wanaosema vivyo hivyo. Wewe unaweza kusema Kintu hahusiki na ardhi, nami nakuamini kwamba unasema kwa moyo safi, lakini mtu wa Bugerere anapoambiwa kwamba kila aliye ndani ya Buganda ni mwana wa Kintu, anasikia kwamba historia yake imefutwa.

Ninakiri hata hivyo kwamba sisi nasi tunapochora ramani ya Kitara ikifika nusu ya Afrika Mashariki, tunawafanyia wengine hilohilo.

Msomaji wa Maziwa Makuu amerudi:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimeelewa kwamba sitaweza kuandika "Kimera alikuwa fulani". Je, niliache suala hili kabisa katika maelezo ya wanafunzi, au kuna namna ya kulifundisha bila kuwasha moto darasani?

Mtunza Kumbukumbu amejibu tena:

Usiliache. Mwanafunzi asipolisikia kwako atalisikia penye matusi. Weka masimulizi mawili mezani kama yalivyo, na kila moja ulipe mwaka wake na mwandishi wake: Kagwa, 1901, Winyi, 1935 hadi 1937. Kisha waoneshe ramani ya Bunyoro kabla ya Colvile na baada yake, na uwaulize kila mwandishi alikuwa na nini cha kupata au kupoteza. Vijana wa sekondari wanaweza kabisa kulifanya zoezi hilo, na kwa uzoefu wangu hawagombani wanapopewa nyaraka. Hugombana wanapopewa mshindi.

Ongeza pia jambo moja ambalo masimulizi ya kujisifu huliruka. Tarehe 9 Aprili 1899, huko Lango, Kabaleega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda walikamatwa pamoja, wakiwa wamekimbilia upande mmoja dhidi ya Waingereza. Aliyeongoza msako alikuwa Semei Kakungulu, mzaliwa wa Kooki aliyekuwa akihudumu Buganda. Wafalme hao wawili walipelekwa uhamishoni Shelisheli, wakabatizwa huko, mmoja Yohana na mwingine Danieri. Mwanga alifia huko mwaka 1903, na Kabaleega akafia Jinja mwaka 1923 akiwa safarini kurudi nyumbani. Mwanafunzi anayejua hayo atakuwa na swali gumu zaidi la kukuuliza kuliko la nani alimzaa Kimera, kwa hiyo jiandae nalo.